Samaki wanahema juu ya maji

Shikamoo Mzee. Juzi nilimwaga maji yote ya tangi, nikaosha mpaka sponji ya chujio kwa maji ya bomba. Sasa samaki wangu wanne wanahema juujuu, matamvua mekundu. Wanaumwa nini?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

Marahaba, mwanangu. Usafi wako ndio uliowaponza. Klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, huunguza matamvua, na kwenye sponji uliyoifikicha waliishi bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi. Nami niliua saba hivyohivyo, nikamsingizia muuzaji! Leo badili robo tu, kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo wazi saa 24. Pampu ya hewa isizimwe. Chakula, siku mbili usiwape. Sponji isuuze kwa maji yaleyale ya tangi. Dawa ya nini? Wangekuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, tungeongea mengine.