Theluji haifuati kalenda ya Wataliano

Ukiishi Malindi na Wataliano, utaaminishwa kwamba theluji ni mambo ya Desemba hadi Februari. Wao huikimbia kwao, wakaja kuota jua letu la kaskazi. Nami nikapiga hesabu hiyohiyo, nikaenda Mlima Kenya mwisho wa Februari. Nilikuta mawe ya kijivu na viraka vya barafu iliyochakaa.

Mlima ule umekaa kwenye Ikweta. Hauna miezi ya baridi. Baridi yake huja usiku, ikaondoka asubuhi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6, ndiyo maana kule kilele cha Lenana, mita 4,985, mvua hushuka ikiwa theluji. Basi fuata mvua, yaani masika na vuli. Mimi ningekwambia nenda mwanzoni mwa Januari, vuli ikishapita: njia zinaanza kukauka na weupe mara nyingi bado uko. Usisubiri miaka, maana barafuto ya Lewis, ile barafu ya kudumu ya mlima huo, imebaki kipande tu.

Safari ya pili nilienda Januari. Tulitoka kambi ya Shipton's saa tisa usiku, theluji ikiwa ngumu, inalia chini ya buti kama chumvi ya mawe. Kufika saa nne asubuhi, palepale tulipopita pamekuwa uji. Kwa hiyo ukiambiwa amka, amka. Nikavua glavu nikaishika theluji. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, Mswahili aliyekuwa akimwongoza aliuita "baridi" tu, basi. Wasomi wa Ulaya walibisha miaka kadhaa kwamba ni theluji. Mimi pia neno jingine halikunijia.

Chupa ya maji ilaze kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu. Simu lala nayo, betri haipendi baridi. Halwa niliyobeba kwa mbwembwe iliganda ikawa ya kuvunjwa kwa jiwe. Tende zilinifaa zaidi. Jua nalo nililidharau, mtu wa pwani mimi, kumbe theluji hulirudisha kutoka chini: nilibabuka hadi chini ya kidevu na ndani ya pua.

Vikoi na fulana za pamba acha nyumbani. Pamba ikilowa jasho haikauki kule, nawe utatetemeka mpaka ushuke. Buti za kukodi zijaribu ukiwa umevaa soksi mbili, tena jioni, miguu ikishavimba. Zangu sikuzijaribu, na kucha mbili nimeziacha njiani.