Mwanangu, tega dakika kumi uanze

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwenye meseji mbona kazi za nyumbani zinakushinda na ile kozi yako ya jioni nayo imesimama, na kama hii habari ya kutega alamu ya dakika chache chache na kufanya kazi mpaka ilie inasaidia kweli au ni maneno ya mitandaoni tu. Inasaidia sana, ila wengi wanaifanya nusunusu afu wanasema imewashinda, ndo maana nakuandikia kwa kirefu.

Njia iliyo maarufu inaitwa Pomodoro, aliianzisha Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, masomo hayapandi, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akaitega. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5, ukimaliza raundi 4 unapumzika zaidi, dakika 15 mpaka 30 hivi. Namba hizo sio sheria. Kwa vyombo na nguo mi naona 10 au 15 zinatosha, za kozi ndo uzipe 25 au hata 40 ukiona akili imeshika.

Kinachotukwamisha wengi ni kuanza. Ukijiambia leo nasafisha nyumba nzima mwili unagoma, unashika simu kidogo tu, unakuja kushtuka jioni imeingia. Ila ukisema nakunja nguo hizi mpaka alamu ilie, hapo hamna cha kuogopa, unaanza, na ukishaanza mara nyingi unakuta kazi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ulivyoiwaza. Tena ipe kazi jina linaloshikika kabla hujatega, maana "kozi" sio kazi ya dakika 25, "kusoma kurasa kumi na kuandika maswali" hiyo ndo kazi.

Na kuna Mwingereza, Cyril Northcote Parkinson, aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote uliopo. Angalia usafi wa Jumamosi utaona, ukiupa siku nzima unakula siku nzima na bado unalala umechoka huku kabati halijaguswa.

Sasa kwenye kupumzika ndo watu wanaharibu. Alamu ikilia usifungue simu, nakuomba kabisa mwanangu, dakika 5 za simu hazijawahi kuwa 5. Simama, kunywa maji, nyoosha mgongo, chungulia nje. Na kama ulikuwa unasoma, kabla hujanyanyuka andika mstari mmoja tu, nimeishia hapa nitaendelea na hiki, maana ukirudi bila huo mstari unapoteza muda kutafuta ulipokuwa. Likikujia wazo katikati, sijui bili sijui nani hujampigia, liandike kwenye karatasi pembeni uendelee, litakusubiri.

Cirillo anasema raundi ikikatizwa haihesabiwi, unaanza upya. Hapo mi sikubaliani naye kwa mtu mwenye mtoto mdogo kama wewe. Mtoto akilia nenda, na dakika 8 ulizofanya zihesabu, umefanya kazi. Simu za watu wengine ndo ziambie nitakupigia baadae kidogo.

Kuna kazi hazitaki taima lakini. Kukaa na mtoto usikutegee alamu, na siku umeumwa au hujalala lala tu kwanza.

Kitu cha mwisho, wiki hii kila ukimaliza raundi weka alama kwenye daftari mbele ya jina la kazi. Utajua kupiga pasi kunakula raundi ngapi na somo moja la kozi linakula ngapi, na hapo ndo utaweza kupanga jioni yako kwa hesabu za kweli, na mtu akikuomba umsaidie kitu utajua kama nafasi ipo au haipo kabla hujasema ndio.

Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako