Usimpe mdogo wako orodha ya maneno ya -ail

Mleta uzi, ngoja kwanza! Unataka maneno ya Kiingereza ya herufi nne yanayoishia -ail, kila neno na maana yake, uyachape umpe mdogo wako anayeanza kutembeza wageni hapa Shela, Lamu. Wenzangu hapo juu wameshakumwagia: sail tanga, tail mkia, nail msumari, jail jela, pail ndoo, bail dhamana. Kwenye dhamana nikaacha chai yangu ipoe.

Orodha hiyo hiyo mimi niliinunua. Shilingi 300, kijitabu cha fotokopi, kwa mwalimu wa tuisheni aliyetuapia kuwa Kiingereza ni kama utenzi: shika kina, maneno yatakuja yenyewe. Na sisi watu wa Lamu ukitutajia vina umeshatupata. Nikahifadhi ukurasa mzima. Ungeniamsha usiku ningekughania.

Basi nikapata wageni wanne, Waingereza. Ijumaa niwavushe kisiwa cha Manda kwa mashua, wakale samaki ufukweni, turudi jua likizama. Jumatano usiku ukaingia ujumbe: "We might have to bail on Friday, so sorry!" Nikafungua kijitabu, ule ukurasa wenye doa la mafuta ya bajia. Bail: dhamana. Nikapiga hesabu zangu. Ijumaa watatoa dhamana. Na dhamana kwa mtu wa chombo ni nini kama si arbuni, pesa ya kutanguliza? Wanaomba radhi kwa kuchelewa kuitoa, masikini, watu waungwana. Nikajibu kwa herufi kubwa: "YES! BAIL ON FRIDAY VERY GOOD, THANK YOU!" Wakanirudishia moyo mwekundu na "thanks for understanding". Understanding naijua, ni kuelewa. Nikalala nimeelewa.

Kumbe "bail on" kwa Kiingereza cha mazungumzo ni kujitoa kwenye miadi. Watu wananiambia huenda wasije, mimi nawashangilia.

Mashua ya mjomba 4,000, na kwa ajili yangu alikuwa amekataa kundi la watu sita. Mabaharia wawili, elfu moja moja. Petroli 1,800. Tewa na kamba 3,000. Barafu, mkaa na ndimu 600. Jumlisha mwenyewe, mimi nikijumlisha naumwa kichwa. Saa nane mchana tuko tayari ufukweni. Saa kumi barafu imekuwa maji, kamba wanaelea ndani ya boksi kama wamerudi kwao. Mabaharia wananitazama, hawasemi. Nikapiga simu. Wako Malindi! Wameondoka na ndege ya asubuhi. Kamba tuliwala wenyewe, na mnaocheka mjue walikuwa watamu.

Nilipomfuata mwalimu, mtu hata hakuona haya. "Dhamana si ndiyo maana yake?" Ndiyo, mahakamani! Mimi nilikuwa nauza safari ya bahari au nimekamatwa? Anauza maneno kama mtu anayeuza kufuli bila funguo, kisha anakuuliza mbona mlango haufunguki.

Na haikuishia hapo. Miezi miwili baadaye, tunakwenda Manda Toto, maji yakaanza kuingia chomboni. Mzee mmoja Mwingereza akapiga kelele, "Bail! Bail!" Mimi nimeshaumwa na nyoka, nikadhani naye anajitoa. Nikamwambia tutamrudisha, pesa yake asiwe na wasiwasi. Akaninyang'anya kopo akaanza kufua maji mwenyewe. Ndiyo maana nyingine hiyo: kufua maji, kuyatoa chomboni. Hata asili yake ni mbali na ile ya mahakamani. Ya mahakamani imetokana na kitenzi cha Kifaransa cha zamani cha kukabidhi, ya chomboni imetokana na neno la Kifaransa la ndoo. Na pail ya ndoo ilikuwa mstari wa chini yake kwenye kijitabu! Wacheza kriketi nao wana bail yao, vile vijiti viwili vinavyolazwa juu ya vigingi vitatu. Neno moja, kazi nne, na mwalimu kanipa ile isiyofika baharini.

Nail hiyo hiyo waliyokuandikia msumari ni ukucha pia. Hail ni mvua ya mawe, lakini mgeni akikuuliza "Where do you hail from?" anauliza kwenu wapi. Mimi nilitazama mbingu.

Kwa hiyo mdogo wako aanze na daftari tupu. Neno lisiingie humo peke yake, liingie ndani ya sentensi aliyoisikia, na pembeni aandike nani kaisema na walikuwa wapi. Mfano wangu wa mstari wa kwanza: "We might have to bail", mgeni, kwenye simu, hasara. Sentensi hajaisikia? Neno lisubiri nje.

Na akipaka rangi ubao wa chombo, amtafute mtu amsomee kwanza. Sail na sale sikioni ni mamoja, kama tail na tale, mail na male. Jirani yangu aliandika "DHOW FOR SALE", yaani chombo kinauzwa, akimaanisha tanga. Akaja mgeni kuuliza bei, na jirani akamtajia bei ya kukodi kwa saa mbili. Yule bwana alifurahi mpaka akataka kuandikishana siku hiyo hiyo.