Ukiambiwa haiwezekani, uliza nani kathibitisha

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, shule yetu hualika mtu wa kuwapa wanafunzi moyo. Huja amependeza, huongea vizuri, na mwishoni huwanyanyua watoto wote wapige kelele pamoja naye: hakuna lisilowezekana! Mimi hukaa nyuma na walimu wenzangu nikipiga makofi kama adabu inavyotaka. Lakini nafundisha hisabati, na katika somo langu yapo yasiyowezekana, tena yana mwaka na jina la aliyethibitisha. Naona afadhali kijana ayajue, maana hapo ndipo atajua pia ni makatazo yapi ya kuyapuuza.

Chukua bikari na rula isiyo na alama za sentimita. Chora pembe yoyote. Kuigawa katikati ni kazi ya dakika moja. Sasa igawe katika sehemu tatu sawa. Wagiriki wa kale walihangaika na swali hili, na waliokuja nyuma yao wakahangaika nalo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Pembe nyingine zinakubali: ya nyuzi 90 inagawanyika bila shida, kwa sababu nyuzi 30 zinachoreka. Ya nyuzi 60 inakataa. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel akaonyesha kwa nini. Rula na bikari, hata uwe fundi wa namna gani, vinakupa matendo matano tu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili. Ukitaka theluthi ya nyuzi 60, yaani nyuzi 20, unahitaji namba inayotoka kwenye mlinganyo wa kipeo cha tatu, na namba hiyo haipatikani kwa vipeuo vya pili, uvirundike utakavyo. Usidhani bado anasubiriwa mwerevu wa kuigundua njia. Hata akizaliwa kesho hataiona, kwa kuwa haipo.

Bado mara kwa mara mwanafunzi huniletea karatasi: "Mwalimu, mimi nimeiweza." Nazipenda sana karatasi hizo kuliko madaftari mengi ninayosahihisha. Simkatishi tamaa wala simsifii. Namwambia tuikague kwa hesabu badala ya kipimapembe, maana kipimapembe hakiwezi kukuonyesha kosa la sehemu ya kumi ya nyuzi. Tukishuka hatua kwa hatua, tunafika mahali ambapo jicho lilikisia na mkono ukafuata. Mmoja alininunia siku kadhaa, kisha akarudi kuuliza Wantzel alisemaje hasa. Kwangu huyo alikuwa amejifunza kuliko aliyepiga kelele ukumbini.

Wakubwa nao walichoka. Mwaka 1775, kabla Wantzel hajazaliwa, Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza kwamba haitakagua tena kazi za watu wanaodai wameigawa pembe mara tatu, au wamechora mraba wenye eneo sawa na la duara, wala mashine inayojiendesha milele bila kulishwa chochote. Hiyo ya mwisho ingali hai mitaani kwetu.

Jirani yangu nusura anunue "jenereta isiyotumia mafuta" aliyoiona kwenye simu. Mota inazungusha jenereta, jenereta inailisha mota, na umeme unaobaki unawasha nyumba nzima. "Mwalimu, si umeiona taa inawaka?" Nimeiona. Nisichokiona ni kilichopo chini ya meza. Mota ikizunguka inapata moto na inanguruma. Joto lile na kelele ile ni nishati iliyokwisha kutoka na hairudi. Kwa hiyo kila mzunguko unarudisha pungufu ya ulichoweka, na huhitaji kuifungua ili ujue. Ndivyo ilivyo na upatu wa kualika watu. Mwambie anayekualika mzidishe pamoja: kila mmoja alete sita, na hao sita kila mmoja alete sita. Kwenye ngazi ya 13 mnahitaji watu zaidi ya bilioni 13, na dunia nzima ina watu kama bilioni 8. Penye nia pana njia, sawa, ila nia haizai watu bilioni tano.

Mambo ya aina hii ukiyakuta, okoa pesa yako. Usiyape hata "nitajaribu kidogo".

Lakini angalia tena sharti nililoliweka mapema na pengine ukalipita: rula isiyo na alama. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alionyesha kwamba ukitia alama mbili tu kwenye rula, pembe yoyote inagawanyika mara tatu. Hata kwa kukunja karatasi inawezekana, bila bikari kabisa. Wantzel hakukosea, alithibitisha kwa vifaa vile, kwa masharti yale. Ukibadilisha sharti, umebadilisha swali.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu wanaowaambia wengine "wewe haiwezekani". Wengi wao hawana uthibitisho wowote. Wana sharti, na mara nyingi hawajui nani aliliweka. Kwa miaka mingi hapa Tanzania msichana aliyepata mimba akiwa shuleni hakurudi kwenye shule ya kawaida ya serikali. Watu walilisema kama wanavyosema jua linachomoza mashariki. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba akishajifungua anaruhusiwa kurudi. Wasichana wenyewe walikuwa walewale, akili zilezile. Kilichobadilika ni waraka. Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi. Ukimtazama ameketi na watoto utasema ajabu ni umri. Mimi naona ajabu ni kwamba karo ilikuwa imekaa mlangoni muda wote huo na tukaiita kudra.

Kwa hiyo mtu akija kwangu na "haiwezekani" yake, namuuliza maswali ya mwalimu wa jiometri: kwa vifaa gani, na masharti kaweka nani? Mama mmoja anayeuza chakula karibu na shule yetu aliachia kidato cha pili. Aliamini kwamba akitaka kusoma lazima avae sare akae na watoto wa rika la mwanawe, na hilo kweli asingeliweza. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu watahiniwa wa kujitegemea, wanaofanya mtihani bila kuwa wanafunzi wa shule. Alianza na Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia asiyemaliza sekondari njia ya mtihani wa kidato cha nne, akaendelea hadi wa kidato cha nne, akisoma jioni baada ya kuosha masufuria. Hisabati yangu ilimpiga F, naomba nisifiche, na bado cheti anacho. Angelisikiliza yule msemaji wetu wa ukumbini angeambiwa anaweza A ya kila somo, na matokeo yangetoka akajiona ameshindwa.

Kuna jambo moja ambalo halina uthibitisho upande wowote, nalo ni muda. Mzazi huja mwezi wa nane, mtoto anapata 6 kwa 100, na anataka kujua kama Novemba anaweza kupata A. Siwezi kumwonyesha kuwa haiwezekani. Siwezi pia kuchukua pesa yake ya tuisheni kwa ahadi hiyo, ingawa wapo wanaochukua. Ninachomwambia ni kwamba alama 30 ni D, na kutoka 6 kwenda 30 najua njia yake: seti, takwimu, matriksi na hesabu za biashara kwanza, kila siku, maswali ya mitihani iliyopita mpaka mkono uzoee. Trigonometria tunaiacha. Logi tunaiacha, labda itakumbukwa baadaye. Mtoto afanye karatasi nzima kila Jumamosi kwa saa, simu ikiwa kwa mama yake. Baba mmoja aliniambia, "Mwalimu, mbona unamwekea mwanangu malengo madogo?" Nikamjibu, mzee wangu, mlete na matokeo ya mwezi wa kumi. Akiwa ameshavuka 30 tutaanza kuzungumzia C, ambayo ni 45.