Goti limeanza kusagika: mashine ya umeme, ultrasaundi au mazoezi?

SWALI: Habari dokta. Nina miaka 52, nilipanda mlima Kilimanjaro kama mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo, karibu miaka 15, sasa hivi nina duka la spea Kiborloni, hapa Moshi. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi, na asubuhi linakaza kidogo. Eksirei imesema limeanza kusagika. Sehemu ya kwanza wananipiga ultrasaundi na mashine ya umeme, elfu 15 kila nikienda, nimeenda mara nane. Sehemu ya pili dada mmoja kanikalisha kwenye kiti, simama kaa, simama kaa, nikalipa nikaondoka. Yupi ananipiga hela? Na ni kweli bamia inarudisha ute?

JIBU: Salama kaka. Kwanza mimi sio dokta, ni mfiziotherapia, japo hapa Moshi wengi wanatuita wale wa kuchua na tushazoea. Sitasema kuna anayekupiga, ila kama hela yako ni ya kuhesabu ningerudi kwa yule dada wa simama kaa.

Ile mashine ya kubandika vipira vinne kuzunguka goti halafu unasikia kama sisimizi wanatembea inaitwa TENS. Haitibu goti, inazuia maumivu tu. Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango, hisia za kuguswa zikijaa pale za maumivu zinabanwa. Chukulia Hiace ya Kiborloni saa 12 jioni, waliowahi wamejazana mlangoni, wewe unabaki stendi. Ndo maana ukijigonga unajisugua bila hata kufikiria. Sasa ukibandua vile vipira mlango unafunguka tena na maumivu yanarudi, kwa wengine baada ya masaa, kwa wengine hata hajafika nyumbani. Mi naitumia, lakini kwa mtu anayeumwa mpaka hawezi kuanza mazoezi, nambandikia afanye zoezi ikiwa mwilini. Mwenye kifaa cha umeme kifuani cha kusaidia moyo simbandikii.

Ultrasaundi ya tiba ni ndugu ya ile ya wajawazito ila hii haionyeshi picha, unapakwa jeli ya baridi, kichwa kinazungushwa dakika kama tano hivi na mara nyingi husikii kitu. Watafiti wamewafanyia watu wengine ikiwa inawaka na wengine inazungushwa imezimwa, na kwa maumivu mengi ya misuli na viungo tofauti imekuwa ndogo au haipo kabisa. Mara nane kwa elfu 15 ni laki na ishirini kaka, kwa goti lako nisingeilipia tena. Ukitaka joto, kitaulo kimeloweshwa maji ya moto kikakamuliwa, dakika 15 mpaka 20, kinalegeza vizuri tu hasa huu mwezi wa saba na baridi hii. Ila kama una kisukari na miguu ina ganzi usikande, nimeona malengelenge ya kutisha kwa mtu aliyesema maji hayakuwa ya moto.

Kuchua? Kunatuliza, kwa muda, na ukipata mtu mwenye mikono mizuri ni raha tu, hilo silikatai.

Sasa mazoezi, na hapa nitatumia lugha ya dukani kwako. Msuli wa mbele wa paja ndo shokapu, goti ni bushi, shokapu ikifa bushi inakula mzigo wote. Ukishuka ngazi goti linabeba zaidi ya mara tatu ya uzito wako, kwahiyo kumbuka ile siku ya kushuka mlima kwa njia ya Mweka na mzigo, siku hizi kikomo ni kilo 20 lakini nyie wa zamani mnajua mlibeba nini. Na tangu umekaa dukani lile paja limekonda, hebu pima kwa futikamba kulia na kushoto uone.

Chukua kiti kigumu, sio sofa, kiegemeze ukutani. Mikono kifuani, simama, halafu kaa POLEPOLE ukihesabu mpaka tatu, usijibwage, maana ile kushuka taratibu ndo zoezi lenyewe. Mara 10, pumzika, rudia mara tatu, siku tatu kwa wiki. Likiuma kidogo endelea, kama kesho yake asubuhi limezidi kuliko kawaida punguza, usiache. Usitegemee kitu wiki ya kwanza, hesabu wiki sita mpaka 12, na hapo ndo wengi wanakata tamaa wanarudi kwenye mashine. Kama una kitambi, kila kilo moja ukipunguza goti linapumua kilo nne kwa kila hatua.

Bamia kula, ni mboga. Ute unatengenezwa na utando wa ndani ya goti lenyewe, ule utelezi wa bamia unaishia tumboni, haujui njia ya kwenda gotini.

Goti likivimba likawa la moto na una homa, au likikwama halinyooki, acha vyote hivi nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Leo jioni kabla hujafunga duka weka simu sekunde 30, hesabu umesimama kutoka kwenye kiti mara ngapi bila kushika kitu, andika namba nyuma ya daftari la madeni. Wiki ya sita hesabu tena uniandikie zote mbili.