Mtoto ana miaka minane na meno yamepishana: lipi lifanywe sasa, lipi lingoje

Mzazi mmoja ameandika kwamba bintiye wa miaka 8 ameonwa na madaktari wawili. Wa kwanza kasema wangoje mpaka meno yote ya kudumu yaote. Wa pili kasema afungwe nyaya mwezi huu huu. Amsikilize nani? Inategemea kasoro iliyomo kinywani. Zipo kasoro zisizongoja, na zipo ambazo kuziharakisha ni kumchosha mtoto na kumaliza fedha za mzazi bure.

Chama cha madaktari wa mpangilio wa meno cha Marekani hushauri mtoto akaguliwe asipite miaka 7. Umri huo una sababu yake: magego ya kwanza ya kudumu yameshaota au yanaota, meno ya mbele yanabadilika, na mataya yanaonyesha wazi jinsi yanavyokutana. Lakini kukaguliwa si kufungwa nyaya. Watoto wengi hutazamwa wakarudi nyumbani mikono mitupu, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Mzazi anaweza kuanza mwenyewe. Mkalishe mtoto penye mwanga, mwambie akunje ulimi uguse nyuma ya kaakaa, kisha afunge kinywa polepole mpaka magego yakutane. Vuta mashavu kwa vidole utazame. Meno ya juu yanapaswa kuwa nje ya yale ya chini pande zote, kama mdomo wa kifuniko unavyozunguka sufuria. Tazama na kidevu. Kikihama kwenda upande mmoja meno yanapogusana, usingoje.

Kidevu kinachohama mara nyingi maana yake taya la juu ni jembamba. Magego ya juu yanafungia ndani, mtoto anasogeza taya la chini ili apate pa kutafunia, na akiendelea hivyo miaka kadhaa uso hukua upande. Tiba yake ni kifaa cha kupanua kaakaa. Pete mbili hunatishwa kwa simenti ya meno kwenye magego, zikiunganishwa na skrubu katikati ya kaakaa. Mzazi hupewa ufunguo mwembamba kama pini. Ufunge uzi, uzungushe uzi huo kwenye kidole chako, mtoto asije akaumeza. Uingize kwenye tundu la skrubu, usukume kutoka mbele kuelekea kooni mpaka tundu linalofuata lionekane lote, kisha uchomoe ukielekea nyuma na chini. Ukiuvuta kuja mbele umeirudisha skrubu ulikoitoa.

Mzunguko mmoja kama huo, wa tundu hadi tundu, hupanua robo ya milimita. Kwa kawaida ni mara moja au mbili kwa siku, kama daktari alivyopanga, kwa wiki 2 hadi 3. Mtoto atahisi kubanwa chini ya pua kwa dakika chache. Baada ya siku kadhaa mwanya utatokea kati ya meno mawili ya mbele, na hapo wazazi wengi hushtuka wakaacha. Msiache! Ni dalili kwamba mfupa umefunguka pale katikati. Mwanya huo hujifunga wenyewe, ila kifaa hubaki kinywani bila kuzungushwa kwa miezi 6 hivi ili mfupa mpya ujae. Kinachoharibika sana ni mzunguko ulioishia njiani: kesho yake ufunguo hauingii, mzazi anautumia nguvu, unapinda. Pete ikilegea upande mmoja, acha kuzungusha umrudishe mtoto kwa daktari. Karibu na miaka 15 kiungo hicho cha mfupa huanza kushikana, na kazi ya ufunguo hugeuka kazi ya upasuaji.

Meno ya mbele ya chini yakiwa nje ya yale ya juu kwa sababu taya la juu limebaki nyuma, hapo pia muda ni mfupi. Barakoa ya kulivuta taya mbele kwa mipira midogo inayovutika huvaliwa saa 12 hadi 14 kwa siku, na hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 10.

Kuhusu pengo nasema kwa uchungu. Kwetu gego la utoto likiuma hung'olewa, na habari inaishia hapo. Gego la pili la utoto hukaa mpaka miaka 11 hivi. Likitolewa mtoto akiwa na miaka 7, gego la kudumu lililo nyuma yake huteleza mbele, hasa katika miezi 6 ya kwanza, na jino linalokuja hukosa pa kuotea. Pete moja yenye kitanzi cha waya huilinda nafasi hiyo isizibwe. Iombeni siku hiyo hiyo ya kung'oa. Na wale wanaowachimba watoto wachanga fizi wakidai ni “meno ya plastiki” ndiyo yaletayo homa na kuharisha, wanang'oa vichipukizi vya meno ya chonge. Mtoto akikua, hukosa meno hayo au huota yameharibika, na mstari wa katikati huhama.

Yanayongoja ni haya: meno ya chini yaliyobanana kidogo, na mwanya wa juu wa umri wa miaka 8, ambao mara nyingi hujifunga meno ya chonge yakishuka. Meno ya juu yaliyotokeza huweza kungoja mpaka mtoto aanze kurefuka kwa kasi, isipokuwa yametokeza kiasi cha kuvunjika akianguka, au anachekwa shuleni mpaka anakosa raha.

Akifika miaka 10, pitisha kidole kwenye fizi, juu ya jino la chonge la utoto la juu. Uvimbe mgumu kama punje ya hindi unapaswa kusikika kulia na kushoto. Ukiukosa upande mmoja, omba eksirei. Wakati mwingine kuling'oa lile la utoto mapema kunatosha kulirudisha la kudumu kwenye njia yake.