Tajiri Ndo Kakosea, Pointi Tunakatwa Sisi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi dereva boda hapa Tabora, kijiwe chetu kiko Ng'ambo, na jumapili jioni tukishapeleka hesabu kwa bosi tunahamia banda umiza. Juzi pale ubishi ulikaribia kuwa ngumi. Mshkaji wangu kaikumbusha ile Super League ya 2021, timu 12 kubwa za Ulaya zilipotaka kuanzisha ligi yao ambayo wakubwa hawashuki hata wakifungwa mwaka mzima, akasema zile sita za Uingereza, Man U, Liverpool, City, Chelsea, Spurs na Arsenal, zilitakiwa zishushwe daraja zote kwa tamaa ya wamiliki. Mimi Arsenal damu nikamuuliza sasa mie nimekosa nini, aliyesaini ni Kroenke mwenye timu, mie hata sikuulizwa. Akanijibu "si ndo timu yako?" Banda zima likacheka nikakosa cha kusema. Nisaidie, klabu iadhibiwe kwa tamaa ya tajiri? (Msomaji, Ng'ambo, Tabora)

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwanza mwambie mwenzako kwamba waliadhibiwa, ila adhabu yenyewe ilikuwa ya kupapaswa. Mpango ulitangazwa jumapili usiku tarehe 18 Aprili, ilipofika jumanne usiku zote sita za Uingereza zilishajitoa, mashabiki wa Chelsea wamefunga barabara nje ya Stamford Bridge basi la timu halipiti, Petr Cech, kipa wao wa zamani aliyekuwa ofisini kwao, anatoka kuwabembeleza. Baada ya hapo zile sita kwa pamoja zikalipa pauni milioni 22 kwenye mpira wa Uingereza. Gawanya kwa sita uone, haifiki hata milioni nne kwa timu, yaani hela ambayo timu kama hizo hazipati hata beki wa akiba wa maana. Wakawekewa na onyo kwamba atakayerudia atalipa milioni 25 na kukatwa pointi 30. UEFA, wakubwa wa mpira wa Ulaya, nao wakachukua kidogo, yuro milioni 15 kwa timu tisa zilizotubu na asilimia 5 ya mapato yao ya Ulaya kwa msimu mmoja, basi yakaisha.

Sasa tuje kwenye hoja yako ya "mie nimekosa nini", ambayo ni hoja nzuri ila haijakamilika, na wewe kwa kazi yako utanielewa haraka. Bima ya pikipiki ni jukumu la bosi si ndiyo? Trafiki akikukamata haina bima, pikipiki inalala kituoni, wewe ndo huna hela ya kula siku hiyo, bosi yuko kwake na nyingine tatu zinafanya kazi. Ni uonevu, nakubali. Lakini trafiki akisema "basi huyu kijana hana kosa, nenda", kesho hakuna bosi hata mmoja wa Tabora nzima atakayekata bima, na abiria wako akivunjika mguu Kiloleni hana pa kudai. Katika mpira yule abiria wa nyuma yupo, na ndo mtu ambaye kwenye ubishi wenu hamkumtaja kabisa.

Chukua Everton. Novemba 2023 walikatwa pointi 10, baadaye rufaa ikazishusha zikawa 6, sababu hasara yao ya miaka mitatu ilivuka kiwango cha pauni milioni 105 kinachoruhusiwa, walizidisha kama milioni 19 na nusu. Mashabiki wa Everton walilia uonevu, wakabeba mabango, na kiukweli hakuna shabiki aliyesaini cheki hata moja pale. Ila msimu wa 2021/22, ambao ni wa mwisho katika hesabu ile, Everton walibaki ligi kuu na pointi 39 na Burnley wakashuka na 35. Sasa huyo shabiki wa Burnley naye kakosa nini? Timu yake haikuzidisha, imeshuka, na aliyebaki juu yake alikuwa anatumia hela kuliko kanuni inavyoruhusu. Pointi nne tu. Ndo maana mimi nasema kama tamaa ya mmiliki imeingia uwanjani, yaani imenunua wachezaji ambao hukustahili kuwa nao na wamekufungia magoli, hapo pointi zikatwe na shabiki avumilie, kwa sababu magoli yale alishayashangilia.

Tatizo langu ni pale wanapokata pointi kwa jambo ambalo mmiliki keshaondoka nalo. Derby County walipigwa pointi 21 msimu huohuo wa 2021/22, 12 za kuingia kwenye ufilisi na 9 za mambo ya mahesabu. Uwanjani vijana wa kocha Rooney walipata pointi 55, ambazo zilitosha kabisa kubaki Championship, yaani daraja la pili la Uingereza. Wakabaki na 34 wakashuka. Na mmiliki Mel Morris, ambaye kabla ya hapo aliuza uwanja wa klabu kwa kampuni yake mwenyewe, alikuwa ameshaiachia timu mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, ile kushuka hakushuka naye. Au Bury, klabu ya tangu 1885, ilikuwa ndo kwanza imepanda daraja, mmiliki alikuwa kainunua kwa pauni 1, moja kabisa, Agosti 2019 ikafutwa kwenye ligi maana hakuna aliyeonyesha hela ya kuiendesha. Hapo aliyeadhibiwa ni nani? Mama muuza chai nje ya geti.

Kwa hiyo jibu la ubishi wenu, Super League haikuwapa Arsenal hata goli moja, haikumshusha mtu, ilikuwa tamaa ya ofisini. Kuzishusha timu sita kungekuwa kuwapiga wale wale walioua mpango wenyewe, maana kilichouua ni mashabiki kutoka barabarani. Adhabu ya ofisini iende ofisini. Muondoe mwenye tamaa kwenye bodi, mfungie, mlazimishe auze. Na msiniambie haiwezekani, Machi 2022 serikali ya Uingereza ilimwekea vikwazo Abramovich, mmiliki wa Chelsea, klabu ikapewa leseni maalumu ya kucheza bila yeye kupata senti, Mei mwaka huohuo Chelsea ikauzwa na timu haikukosa hata mechi moja. Ile ilikuwa siasa ya vita ya Ukraine, sawa, lakini ilituonyesha kwamba mmiliki anaweza kutenganishwa na klabu kama watu wakitaka. Tatizo ni kwamba huwa hawataki, maana wanaopiga kura za kutunga kanuni ni wamiliki wenyewe.

Na kabla hujarudi kijiweni kifua mbele, na wewe nina swali lako. Wewe ni mtu wa Tabora, unakumbuka Agosti 2023, Nyuki wetu, Tabora United, wanaanza ligi kuu bado wakiitwa Kitayosce, wamekwenda Chamazi kwa Azam wakiwa na wachezaji wanane kwa sababu ya mambo ya usajili. Wanane! Mechi haijafika hata dakika ya 20 Azam wanaongoza 4-0, wawili wetu wako chini hawawezi kuendelea, wakabaki sita, na kanuni inasema chini ya saba hakuna mpira, refa akamaliza. Siku ile nilikuwa nimekaa na wazee wawili Isevya, mmoja akazima redio kabisa akasema tumeaibishwa na watu wa makaratasi. Kweli. Walioumia ni wale wanane waliotolewa jasho na sisi tuliokuwa tunasikiliza, si waliokuwa ofisini na karatasi zao. Haya, sasa ruka mpaka Novemba 2024, Tabora United inakwenda Dar inaipiga Yanga 3-1, mji haukulala, boda mlipiga honi mpaka saa ngapi sijui. Nikwambie leo kwamba mmoja wa wafungaji wa siku ile alisajiliwa kwa hela isiyo halali (hakuna kitu kama hicho, natunga mfano tu), ungekubali zile pointi tatu zirudi Jangwani? Ukisema ndiyo basi una haki ya kulalamika kuhusu Kroenke. Ukisema hapana, wewe na tajiri mnakula sahani moja ila yeye ndo mwenye mkono mrefu.

SWALI: Habari za kazi. Niko Ujiji, Kigoma. Hapa tunaona dawa ya matajiri ni wanachama wawe na asilimia kubwa, kama Ujerumani na kama Simba ilivyofanya, 51 kwa 49. Hapo tajiri hawezi kuleta tamaa yake. Au nakosea? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Hukosei kaka yangu ila usilale usingizi. Ujerumani ni kweli, wanachama wanashika zaidi ya nusu ya kura, na Bayern na Dortmund wote waliikataa Super League. Hapo una hoja. Lakini mwenyekiti wa Super League alikuwa nani? Florentino Perez wa Real Madrid, klabu ambayo haina tajiri, ni ya wanachama tangu enzi. Barcelona nao ni ya wanachama, wanapiga kura kumchagua rais, na hao wanachama ndo walimchagua Bartomeu aliyeondoka akiacha klabu na madeni ya zaidi ya yuro bilioni moja, mpaka 2021 Messi akaondoka analia maana hakuna namna ya kumsajili tena. Halafu PSG, ambayo ni mali ya Qatar, ilikataa kuingia. Kwa hiyo hesabu ya asilimia peke yake haimpimi mtu.

Kwetu hapa wanachama wakiwa na 51 na mwekezaji 49, kwenye karatasi mwenye nyumba ni mwanachama. Ila mshahara wa mwezi huu unatoka wapi? Nauli ya ndege kwenda mechi ya CAF inatoka wapi? Mwenye kuitoa hiyo ndo anayesikilizwa, 51 yako utaitumia kwenye mkutano mkuu mara moja kwa mwaka, na mkutano wenyewe mara nyingi ni kupiga makofi na kula pilau. Mimi ningependa wanachama wa klabu zetu wauulize uongozi swali moja tu kila mwaka, kabla hata ya kuuliza tunamsajili nani: tunadaiwa na nani? Maana FIFA haina huruma kwenye hilo, mchezaji au kocha uliyemfukuza bila kumlipa akishinda kesi unapewa siku 45, zikipita unafungiwa kusajili, inaweza kwenda madirisha matatu mfululizo. Na kubadili jina hakusaidii siku hizi, wanaangalia kama ni klabu ileile kwa kivuli kingine deni linakufuata. Mwenyekiti aliyemfukuza yule kocha kwa hasira ya kufungwa anakuwa yuko kwenye biashara zake za dagaa, nyie ndo mnaingia msimu na vijana wa under 20.

Hapo napo sina adhabu nzuri ya kupendekeza zaidi ya hiyo, maana yule mchezaji ambaye hajalipwa miezi sita naye ana watoto, na kufungia usajili ndo kitu pekee kinachomuuma kiongozi haraka, anatukanwa mtaani. Ningeongeza tu kwamba jina la aliyesaini mkataba libandikwe pale pale kwenye tangazo la kufungiwa. Tuone.

SWALI: Dada hapa kutoka Urambo. Mume wangu ni Man United. Mtoto wetu wa miaka tisa anaomba jezi ya Mainoo kutoka gulioni, mume kakataa, anasema hawezi kuwachangia Glazer wanaoinyonya klabu. Mimi naona ni ubahili tu umevaa koti la siasa. Nani mkweli?

JIBU: Dada yangu, kwa historia mumeo yuko sahihi. Glazer waliichukua United 2005 kwa karibu pauni milioni 790, sehemu kubwa ni mkopo, na mkopo wakaubandika kwenye klabu yenyewe, yaani timu iliyokuwa haina deni ikaanza kulipa riba ya kununuliwa kwake. Mashabiki wamegoma, wamevaa skafu za kijani na dhahabu za kuwapinga, Mei 2021 wakaingia mpaka ndani ya Old Trafford mechi na Liverpool ikaahirishwa. Matokeo yake? Glazer bado wapo, walichofanya ni kumuuzia tajiri wa Kiingereza Ratcliffe zaidi ya robo ya hisa Februari 2024 wakaendelea kukalia kiti.

Lakini kwa jezi ya gulio la Urambo amekudanganya mchana kweupe. Ile jezi haijatoka Old Trafford, imeshonwa huko kwingine kabisa na imefika hapo kwenye robota, Glazer hapati hata shilingi kumi, anayepata ni yule kijana aliyetandika turubai chini. Akitaka kuwagomea kweli aache kulipia kile king'amuzi, maana timu zile zinaingiza hela nyingi kwenye haki za televisheni, uone kama atakubali. Mtoto anunuliwe jezi, na muuzaji akitaja bei ya kwanza usiikubali.